Kidole Kimoja Nyuma ya Pazia

Ulikuwa mwaka ule tuliokula mihogo asubuhi na jioni, kwa sababu unga wa ngano ulipanda bei hadi mahamri yakawa chakula cha wageni. Wenye mbaazi walikula mbaazi tupu, bila cha kuchovya. Harusi zilizozoea biriani zilipikiwa wali wa nazi na mchuzi wa papa, na watu wakala, wakasifu, wakaenda zao wakisengenya. Nyinyi mliokuwa wadogo mtaukumbuka kwa tumbo hata kama hamuukumbuki kwa hesabu. Mwaka huo ndio nilioacha kazi, na sikuiacha kwa furaha.

Naanza na mwaka huo kwa sababu nyinyi vijana mkinibishia mlango hamuulizi habari zake. Mwauliza moja tu: "Bibi, gari langu la kutembelea mjini nilitie turbo ama supachaja?" Mwauliza mkiwa mmesimama, funguo mkononi, kama mtu anayeuliza bei ya nyanya sokoni. Nitawajibu. Lakini mtakaa kitako kwanza, maana jibu hilo lina mtu ndani yake, na mtu huyo ana makovu.

Karakana yetu ilikuwa Mji wa Kale, kwenye kichochoro ambacho tuktuk ikiingia, wewe mpita njia wapanda kibarazani kuipisha. Gari halikuwahi kufika pale. Gari liliachwa huko nje, upande wa Ngome, likafunguliwa na fundi mwingine, na kifaa kikaletwa kwetu kwa kikapu, au juu ya mkokoteni wa Kazungu, mchukuzi wetu. Miaka yote niliyotengeneza turbo, magari niliyoyaona yakienda kwa kazi ya mikono yangu naweza kuyahesabu kwa vidole. Nilikuwa kama tabibu anayeletewa ini kwenye sahani, akaambiwa mwenye ini yuko nje anasubiri.

Mwenye karakana alikuwa Fundi Hafidhi. Nilimwendea nikiwa mjane mbichi, eda imekwisha juzi, watoto wawili, na shule yangu iliishia darasa la nne. Akanipa kazi ya kuosha vyuma kwa mafuta ya taa. Wiki ya kwanza akaniachia turbo moja juu ya meza, akaenda kuswali. Hakunieleza kitu. Nikaiona nyeusi, imejaa masizi, oili imegandia kama uji ulioungua. Nikasema moyoni, hii naijua. Nikachukua majivu, nikachukua makumbi ya nazi, nikakaa kwenye kigoda, nikaisugua kama ninavyosugua sufuria zangu. Ndani ya turbo mna feni mbili ndogo zilizoshikana kwa shafti moja, kila moja imekunjuka kama ua la chuma. Nilizisugua bawa kwa bawa mpaka nikajiona uso.

Hafidhi akarudi, akaishika, akaigeuza.

"Mama Aisha, hii umeifanya nini?"

"Nimeiosha."

"Umeiosha kweli. Sasa ipikie mchuzi, maana kwenye gari hairudi."

Feni ile huzunguka kasi kuliko kitu chochote mtakachokishika maishani. Bawa moja likipungua hata kwa unene wa ukucha wa mtoto mchanga, mizani imekwenda. Itatetemeka mpaka ijivunje. Na mwenye turbo alipokuja, kabla Hafidhi hajafungua mdomo, aliichukua mkononi akaisifu kwa kung'aa kwake. Likumbukeni hilo mnaponunua vyuma vipya kwenye masanduku yenye picha.

Hafidhi alinifundisha, siwezi kumnyima hilo. Shika shafti kwa ncha za vidole. Isukume mbele na nyuma: isiende. Itikise kando: icheze unywele tu, na bawa lisiguse ukuta. Kisha izungushe, isogeze sikioni, fumba macho. Iliyo nzima yasikika kama mtu aliyelala usingizi mwema. Iliyochoka ina mchanga kooni. Na kuna ile inayoguna mara moja tu kwa kila mzunguko, halafu kimya. Hiyo ndiyo mbaya kupita zote, maana ukizungumza na jirani hutaisikia. Supachaja nayo ina sikio lake: unazungusha gurudumu la mkanda polepole kwa mkono, unasikiliza meno yakisalimiana. Yakigombana, irudishe kikapuni.

Yeye mwenyewe masikio yake yalikuwa yamekufa kwa miaka ya kusaga vyuma bila kuyaziba. Alijua la kusikiliza, ila hakulisikia tena. Mimi nilisikia. Hata mtu aliyeendesha gari nilimjua kwa turbo yake. Oili ikiwa imekauka ndani, nyeusi, yanata kama halua iliyopitiliza motoni, basi mwenyewe hukimbiza gari kisha hulizima papo hapo bila kuliacha lipumue. Ncha za feni zikiwa zimelika, kichujio chake cha hewa amekitupa, anakula vumbi. Kazungu alipenda mchezo huo.

"Mama Aisha, wa kikapu hiki ni mtu wa vipi?"

"Mwenye haraka, na hasikii la mtu."

"Basi ndiye. Amenifokea toka Ngomeni mpaka hapa, ati mkokoteni wangu hauna gia."

Sasa niwaambie la pazia.

Kati ya mbele na uwani palikuwa na pazia la kitenge. Mbele alikaa Hafidhi na wateja, uwani nilikaa mimi na madebe ya mafuta ya taa. Mteja hakutaka kujua kuwa chuma chake kimeshikwa na mwanamke. Kwa hiyo Hafidhi alikipokea, akasema kwa sauti, "Hebu niisikilize," akaja nyuma ya pazia. Mimi nikaisikiliza. Nikiinua kidole kimoja, nzima. Viwili, mbovu. Yeye alikunywa kahawa yake mafunda mawili ili muda upite, akatoka. "Nimeisikiliza. Haifai." Na mteja hujibu, "Mashallah, Fundi, sikio lako hilo." Mashallah zile zote zilinifikia nyuma ya pazia kama harufu ya chakula cha jirani.

Siku moja nilimwomba aandike jina langu kwenye kibao cha nje, chini ya lake, hata kwa herufi ndogo.

"Watu watasema nini, Mama Aisha?"

"Watasema turbo zao zafanya kazi."

Akacheka. Akaniagizia chai ya maziwa. Nikainywa, na hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kwamba niliinywa.

Haya, jibu lenu.

Injini ni jiko la makaa. Turbo na supachaja zote mbili ni kipepeo cha ukindu: zinaisukumia hewa ili moto uwe mkali. Tofauti ni nani ashikaye kipepeo. Turbo huzungushwa na moshi wa ekzosi, ule ambao ungetupwa bure, na hiyo ni sifa yake kubwa. Lakini lazima moshi uwe mwingi kwanza. Unakanyaga, unasubiri, halafu nguvu yaja kwa mkupuo. Na hukaa pale penye moto mkali kuliko pote, inywe oili safi kila wakati, la sivyo yafa. Supachaja imefungwa kwa mkanda kwenye injini yenyewe. Injini ikizunguka, nayo yazunguka. Ukikanyaga yakuitika hapo hapo, haina kusubiri. Ila huyo ni mpepeaji wa kuajiriwa. Hula nguvu za injini hiyo hiyo na mafuta yako, hata ukiwa umesimama foleni ya feri hujafanya lolote.

Sasa kitazameni kisiwa chetu. Kutoka Liwatoni mpaka Mji wa Kale pana matuta, tuktuk, mikokoteni, na watu wanaovuka wakitazama simu. Turbo kubwa haijaamka, umeshafika kwenye tuta. Unaipasha moto bure, unafika, unaizima ikiwa nyekundu, oili inaungulia ndani. Mwenye gari la humu mjini, kama ni lazima, atafute supachaja ndogo, akague mkanda wake, ajue kuwa spea zake hapa ni za kuagiza na atangoja. Mwenye safari za Voi na kwendelea, kila wiki barabara ndefu, atie turbo ndogo, na akifika aliache gari lingurume dakika mbili kabla ya kulizima. Na wengi wenu nyinyi mnunue breki mpya na matairi, injini muiache kama ilivyoumbwa. Najua hilo hamlitaki. Mjukuu wangu Nasra, anayesomea injini chuoni na kuzielewa kwa karatasi kuliko mimi, ananiambia, "Nyanya, ukiwaambia breki wanaondoka." Na waondoke.

Jibu hilo lote nilikuwa nalo kichwani mwaka ule wa mihogo, siku Salim alipokuja.

Salim alikuwa kijana wa kazi, akitengeneza injini za maboti Liwatoni. Gari lake lilikuwa dogo, la kwendea kazini na kurudi kwa mamake huku kwetu. Alisimama mbele kwa Hafidhi akauliza swali lenu hilo hilo, neno kwa neno. Mimi nyuma ya pazia nilijua jawabu kabla hajamaliza: supachaja, au asitie kitu. Lakini supachaja ilikuwa ya kuagiza, na rafuni pale tulikuwa na turbo iliyotoka kwenye pikapu, mwenyewe hakurudi kuichukua. Hafidhi akamwambia turbo. Akasema ni chaguo la wanaume.

"Lakini naitaka leo, Fundi," akasema Salim. "Kesho harusi ya dada yangu, gari langu litaongoza msafara. Usiku huu naifunga mwenyewe."

Hafidhi akaja nyuma ya pazia na ile turbo mkononi. Mimi nilikuwa nimeshanawa. Nina mihogo ya kumenya nyumbani, na watu wa kuila.

"Niachie mpaka asubuhi," nikamnong'oneza. "Sijaigusa hii."

"Ya pikapu hii, ilikuwa yaenda vizuri. Nipe kimoja."

"Sijaisikiliza, Fundi."

"Mama Aisha, kijana ana harusi. Nipe kimoja tu."

Nikainua kidole kimoja.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini alikihitaji. Mteja hakukiona. Angeweza kutoka na uongo wake mwenyewe, mdomo ulikuwa wake. Nadhani alikuwa amezoea kutumia sikio la mwenziwe kwa muda mrefu mno, hata kudanganya akawa hawezi peke yake. Na mimi je? Mimi nilitaka kwenda nyumbani. Sina sababu nyingine ya kuwapa. Nimeitafuta yenye heshima zaidi, sikuiona.

Ilikuwa ni ile inayoguna mara moja. Lazima ilikuwa ni ile. Kesho yake, msafara ukiwa daraja la Nyali, honi zinapigwa, feni ikavunjika, shafti ikaruka, oili ikamwagika juu ya ekzosi iliyoiva. Bibi harusi alikuwa gari la nyuma, Mungu alitaka hivyo. Salim alisimama, akashuka, na badala ya kukimbia akafungua boneti kwa mikono yake. Alitaka kuliokoa. Moto ukamshika mikono yote miwili na upande wa uso. Wale walioalikwa walikula wali wao kwa zamu, nusu harusini, nusu hospitali.

Siku ya tatu mamake akaja karakana. Hakupiga kelele. Alikuwa mama wa haya, buibui lake limenyooka.

"Salaam aleikum, Fundi."

"Wa aleikum salaam, mamangu. Pole. Twasikitika sote."

"Nimekuja kuuliza moja. Ile turbo ya mwanangu, aliyeisikiliza ni nani?"

Fundi Hafidhi, aliyesema "nimeisikiliza" mbele ya nusu ya mji huu, akanyoosha mkono, akashika pazia, akalivuta mpaka mwisho wa kamba.

"Huyu hapa," akasema. "Yeye ndiye hutengeneza."

Mnaelewa? Miaka yote ile nilisubiri pazia lile lifunguliwe.

Mama yule akanitazama nilivyokaa kwenye kigoda, mafuta ya taa mpaka viwikoni.

"Uliisikiliza?"

"Sikuisikiliza."

Hafidhi alinikazia macho. Nadhani alitaka niseme niliisikiliza nikakosea, maana kukosea ni kwa kila fundi.

"Sasa ulimwambiaje kuwa ni nzima?"

"Sikumwambia. Niliinua kidole."

"Kidole gani?"

Nikamwonyesha. Akakitazama kidole kile, akakitazama, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Halafu akajifunika vizuri, akaaga kwa salamu, akaenda zake. Sijawahi kutukanwa kama nilivyotukanwa siku ile kwa kutoambiwa kitu.

Niliosha mikono, sikurudi tena. Hafidhi alifariki mwaka uliofuata. Matangani kwake nilikaa na wanawake, nikasikia upande wa wanaume wakisifu sikio lake. Hapakuwa na mtu aliyekohoa. Salim yupo, mtamwona Liwatoni, analinda lango, kwa sababu spana haikai tena kwenye mikono ile. Hunisalimia kila tukikutana. "Hujambo, Bi Rukia," kwa jina langu lenyewe. Ningependa anitukane, nipumzike.

Basi mji ukanijua kwa kazi moja mbovu, ndipo ukazikumbuka zile nzuri. Watu wakaanza kuhesabu: kumbe turbo ya fulani alitengeneza yule mama. Ndiyo maana nyinyi mwaja kwangu. Msidhani ni kwa sifa.

Na ndiyo maana, mwezi huu uliopita, akaja Munir, mwana wa Hafidhi. Nilimjua akitambaa. Sasa ana duka kubwa nje ya Mji wa Kale, gari lafika mpaka mlangoni. Aliteremka kwenye tuktuk na kibao kirefu kilichofungwa kwa gazeti, akakiegemeza ukutani kwangu. Nasra alikuwepo, akamletea kahawa.

"Sabalkheri, Mama Aisha. Nimekuja kurekebisha makosa ya mzee."

Akachana gazeti. Kibao cha buluu, herufi nyeupe, kazi safi ya mchoraji: BI RUKIA, BINGWA WA TURBO. Jina langu lilikuwa juu. La babake lilikuwa chini, kwa herufi ndogo.

Sitawadanganya. Nililisoma mara tatu. Nasra akapitisha kidole juu ya herufi, akasema, "Nyanya, ni wewe huyu."

"Kitapanda kesho juu ya mlango," akasema Munir. "Na wewe utakaa mbele, kwenye kiti, si uwani. Nina masanduku ya turbo mpya, yamefika juzi bandarini. Vijana wanasitasita, wengine wanataka supachaja, na supachaja sina. Wewe nisemee kwenye simu, nikurekodi dakika moja tu, waione. Sema umezipima, na kwamba kwa gari la mjini turbo ndiyo."

"Fungua moja."

"Haifunguliwi, Mama Aisha. Nikivunja lakiri mteja atasema ni kuukuu."

"Basi nitazipimaje?"

"Ni mpya. Mpya haina haja ya kupimwa."

"Nisichokisikia sikisemei."

Akacheka kwa adabu, kama babake alivyocheka. Akasogeza kiti.

"Mzee alikuwa akisema wewe ni mkaidi."

"Mzee wako alikuwa akisema 'nimeisikiliza.'"

Halafu akaja kwa njia nyingine. Akasema kuwa mimi ni mtu mzima, nikiondoka nitaondoka bila jina. Akasema Nasra naye ataajiriwa pale pale, chini ya kibao cha nyanyake, nani atamwambia mwanamke hawezi? Alisema kweli tupu. Nilimtazama Nasra, Nasra akaangalia kikombe chake. Mjukuu wangu ana mikono mizuri na vyeti vizuri, na mwezi wa sita huu hajapata mtu wa kumpa spana. Alikitaka kibao kile. Nami nilikitaka kabla yeye hajazaliwa.

"Acha habari ya kupima," akasema Munir. "Hilo tuliondoe. Sema tu turbo ni bora kuliko supachaja. Huo hata si uongo. Ni rai yako."

"Kwa gari la nani?"

"La yeyote."

"Anaendesha wapi?"

"Mama Aisha, popote."

Nasra akainua uso. Sikumwangalia, maana ningemwangalia ningejibu mengine. Nilikiinua kibao mwenyewe, ni kizito kuliko kinavyoonekana, nikamwekea Munir mikononi, jina langu likiwa limemwelekea yeye.

"Nikufutie jina, basi?" akauliza. "Kweli wataka nikafute?"

"Nisichokisikia sikisemei."